Nishani ya Koti

Wanyama walipokuwa wangali na serikali yao, Kakakuona alikuwa mtunza lango la bwawa, mwoga asiye na mfano. Asubuhi moja akaletewa barua: "Fika kwa Mkurugenzi kesho saa tatu bila kukosa."

Akajikunja kama mpira. Katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kuona barua ya namna hiyo ikileta heri. Akahangaika kutwa akikumbuka makosa yake, mwishowe akaandika maelezo ya kujitetea kabla hata hajaulizwa.

Kesho yake akaingia kwa Mkurugenzi Nyati, mpenda kanuni, akasoma maelezo yake: "Mheshimiwa, nakiri nilifungua lango kabla ya saa mbili. Kongoni alikuwa na uchungu wa kuzaa, kiu inamuua. Na mwaka ule wa ukame nilifungua hata Jumapili."

Nyati akavua miwani. "Ndugu Kakakuona, nilikuita nikupe nishani ya mtumishi bora. Hupewa asiyewahi kuvunja kanuni."

"Basi naomba niirudishe mfukoni barua yangu."

"Imeshapokelewa," akasema Nyati, akaipiga muhuri.

Majalada yakapekuliwa upya. Lililokutwa safi lilikuwa la Fisi mvivu, ambaye kila asubuhi hutundika koti kwenye kiti chake cha ofisini, kisha huondoka zake.

Siku ya sherehe Fisi hakufika. Koti lake likaletwa, likavishwa nishani, na Kakakuona akapiga makofi kuliko wote, asije akaandikiwa barua nyingine.