Mpira Ulioiva

Bi Sikudhani, mtunza funguo wa klabu, alisita mbele ya chumba cha skwoshi.

"Pole na msiba, Mzee Mwakio. Tangu mumzike mwenzako, hakuna aliyeingia humu."

"Nachukua raketi yangu tu, mwanangu. Mchezo huu sasa basi."

Tangu ujana wake Mwakio hakuwahi kucheza na mtu ila marehemu Tungaraza. Mpira wa skwoshi ukiwa baridi haudundi, sharti upigwe ukutani mpaka upate moto. Tungaraza ndiye aliyekuwa akiwahi kuupasha, kisha humrushia mwenzake akisema, "Shika, umeiva."

Mlango ulipofunguliwa, mpira ulikuwa katikati ya sakafu. Mwakio akauokota, akaufumbata. Ulikuwa wa moto.

"Vipi, mzee?"

Alivua koti, akachukua raketi, akaupiga mpira ukutani. Kisha, kama alivyozoea miaka yote, akasogea kando kumpisha mwenzake.

Mpira ukarudi upande ule mtupu, ukadunda mara moja. Bi Sikudhani akafumba macho. Akasikia mpira ukipigwa kutoka upande ule mtupu, kishindo kingine ukutani, na viatu vya mzee vikiukimbilia.