Kiota Cheusi

Tangu samaki wa mwisho afe, tangi la kioo sebuleni lilikuwa makazi ya panya weupe wawili. Makame ndiye aliyelifunika kwa wavu wa waya na kutandika maranda ndani. Leo, baada ya mwezi mzima safarini, aliinua wavu ili afanye usafi, akaona kwenye kona kiota cheusi. Akakichukua akidhani ni uzi wa cherehani.

Zilikuwa nywele. Nyingi mno, na bado zilinukia mafuta ya karafuu ya mkewe.

"Mama Shemsa," aliita.

Mkewe alisimama mlangoni, kichwani kile kilemba alicholala nacho jana.

"Nywele hazitupwi jaani, zitaokotwa na watu wabaya," alisema taratibu. "Nikaona heri niwape hao walalie."

"Zimekutoka zote?"

"Tangu nianze sindano za saratani. Nilitaka kwanza upumzike, ndipo nikwambie."

Makame hakuweza kukitua kiota. Mkononi mwake kitu kilitikisika. Akachungulia: watoto wa panya, wekundu, hawana hata unywele mmoja, wamejikunyata ndani ya joto lile.