Damu Iliyorudi

Mize alikuwa na miaka hamsini na minane, na hakuwahi kuzaa. Damu ilipomrudia, miaka sita baada ya kukoma, alimwambia mumewe Shebe huku akicheka kwamba labda tumbo lake limeikumbuka kazi yake. Wiki tatu walikaa na furaha hiyo, wasimwambie mtu. Damu ilipozidi wakaenda hospitali.

Majibu yalipotoka, daktari alizungumza nao taratibu. Ilikuwa saratani ya mji wa mimba. Unene, kisukari na kutozaa huongeza hatari, alieleza, ingawa hakuna ajuaye kwa hakika kilichoianzisha.

"Itabidi tuutoe mji wenyewe, mama. Wiki hii hii."

Shebe aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Mize. Kila jioni halua, kila asubuhi vitumbua. Nilipenda unavyonenepa."

"Nilikula kwa raha yangu, mume wangu."

Kisha akamgeukia daktari, akamuuliza kwa sauti ndogo kama ataruhusiwa kuuona kabla hawajautupa. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, ukilipapasa polepole, kama wafanyavyo wanawake wanaongoja mtoto.