Picha ya Mapafu ya Maganga

Siku hizi daktari haonwi ana kwa ana. Anatumiwa barua pepe, naye hujibu mara moja tu kwa kila ugonjwa. Ndiyo maana Nyamizi alirudi kwa Sizya, fundi wa eksirei, akiwa amechoka kabisa. Picha ya mapafu ya mumewe, Maganga, iliyoonyesha doa, ilikuwa imerudishwa tena kwa kuwa ujumbe ni mkubwa kupita kiasi.

"Nimefuta maelezo yote, hata salamu," alisema. "Bado wanaikataa."

"Tatizo ni picha yenyewe, dada. Wamepunguza tena kiwango cha ukubwa. Acha niibane iwe ndogo."

Sizya aliibana, akaituma, ikarudi. Akaibana zaidi, mbavu zikafifia kama zimefunikwa na ukungu. Safari hii haikurudi.

Nyamizi akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Lile doa lake liko wapi?"

Sizya aliinamia kioo, akatazama. "Limepotea kwenye kubana," akasema.

"Basi izuie!"

"Imeshapokelewa, dada."

Jibu liliingia kabla Nyamizi hajainuka: mapafu ni mazima, shauri limefungwa.

Nyumbani, Maganga alilisoma akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Unaona? Na wewe ulishaanza kunililia! Chinja kuku, tuwaite majirani."

Nyamizi alimfuta damu mdomoni kwa pindo la khanga. Akasema ni kweli, tumshukuru Mungu, kisha akatoka uani kumkamata kuku.