Kengele za Baiskeli Darajani

Walburga alisikia kengele ya baiskeli nyuma yake, akageuka ampishe mtu. Hapakuwa na mtu. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa tu kwenye ukingo wa daraja, na kengele zilikuwa zinalia zenyewe.

Daraja hilo jipya la Ruhuwiko, la waenda kwa miguu na baiskeli, alilisanifu yeye: jembamba, bila nguzo katikati. Alipiga hesabu ya watu wanaopita kila mmoja kwa mwendo wake. Hakuwaza kwamba siku ya kulifungua wacheza ngoma ya lizombe wangeingia hadi katikati, wakikanyaga wote kwa pamoja.

Akashika chuma cha ukingo. Mtetemo ukampanda hadi kiwikoni: daraja lilikuwa likitikisika kwa mpigo wa miguu yao.

Akamkimbilia mpiga ngoma, baba yake mzazi.

“Baba, acha kupiga. Watu watoke taratibu.”

“Niache? Leo, kwenye daraja la mwanangu?” Mzee akacheka, akaongeza nguvu.

Hakuna aliyewahi kumnyamazishia mzee huyo ngoma mbele za watu. Walburga akaweka viganja vyote viwili juu ya ngozi ya ngoma.

Ngoma ikanyamaza. Miguu ikasimama. Wote wakamtazama.

Kengele ziliendelea kulia.