Mama Mlangoni

Miaka mitatu Athanas alihangaika na filamu yake, na katika picha ya mwisho alimwacha mhusika wake, mama mmoja, amesimama mlangoni, kimya kabisa. Lakini leo, kwenye kibanda cha video, Msellem mtafsiri, ambaye haachi picha yoyote ijisemee, alishika maikrofoni akamsemea: "Rudi, mwanangu. Ugali wako nimeufunika."

Kibanda kizima kikalia. Athanas akaona wivu.

"Hii filamu ni yangu," alimwambia dada aliyekaa jirani.

"Acha utani, kaka. Hii ya Msellem."

Akakata tiketi ya onyesho la pili, akiapa kumzomea. Mama alipofika mlangoni, Athanas akasimama, mdomo wazi, macho kwenye maikrofoni, akisubiri kuambiwa arudi.