Waliobaki na Waliokwisha

Rahmati aliketi kwenye kiti cha mgeni, jua la bandari ya Mutsamudu likampiga usoni. Dirisha lilikuwa nyuma ya meza ya Kapteni.

"Mgeni ataumia macho," alisema. "Meza ikae ubavuni."

"Iache hapo hapo, Bi Rahmati."

Akaiacha. Siku hizi alikuwa habishani na mtu.

Kazi hiyo ya kupanga ofisi na kuchora chati hakufundishwa na yeyote. Wazungu wenye bunduki walipouteka mji mkuu wa Moroni, walikuta ofisi tupu, nyaraka zimechomwa, makarani wametawanyika. Rahmati, mpiga taipu, alijifunza kwa kujaribu. Alikalia kila kiti, akafuata kivuli kinavyosogea. Alichora chati, akarudi nyuma hadi mlangoni, na kila asichoweza kukisoma akakifuta. Rangi mbili, maneno machache. Kapteni wao alipenda, ndiyo maana alimvusha bahari hadi kisiwa hiki apange na ofisi ya bandarini.

Mumewe Soulé, mwalimu wa Ntsoudjini, alichukuliwa na askari wa Wazungu hao mwezi wa Mei, baada ya sala ya Ijumaa. Tangu hapo chakula hakikuwa na ladha, na machozi yaligoma kutoka.

"Wafanyie kazi safi, mwanangu," mama mkwe wake alimwambia. "Ipo siku utapata pa kuulizia."

Sasa Kapteni alimsomea hesabu ya wageni kwa kila mwezi. Waliobaki, nguzo nyekundu. Waliokwisha, nguzo nyeusi. Watu wa vibali vya safari, Rahmati alijisemea, waliopo na waliokwisha kuondoka. Chini ya dirisha abiria walikuwa wakipanda meli. Aliweka rula, akapiga mistari, akajaza wino.

"Mei, waliokwisha ni mmoja," alisema Kapteni. "Ndiyo tumeanza."

Rahmati akachora nguzo fupi nyeusi, akaitundika karatasi ukutani.

Kapteni alirudi nyuma hadi mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Inasomeka. Haya, niombe unachotaka."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo muda mrefu, lakini yalitoka makavu, kama ya mtu mwingine.

"Mume wangu, Kapteni. Soulé, mwalimu wa Ntsoudjini. Watu walisema aliletwa huku. Yuko wapi?"

Kapteni hakufungua faili lolote. Alirudi ukutani, akaweka kidole juu ya nguzo nyeusi ya Mei, na wino mbichi ukamchafua.

"Huyu hapa," alisema.